Kiti cha Kengele cha Maposeni

Majirani zangu wa Matarawe, mliniona nikipanda lori la mahindi Jumatatu ile asubuhi, na najua mlisemaje. Apolonia aliwaambia napelekwa kwa mganga. Veridiana akakataa, akasema bibi huyo anakwenda kuolewa, angalieni alivyojipaka mafuta. Sasa nawaandikia mimi mwenyewe. Shule yangu mnaijua iliishia wapi, kwa hiyo msomeeni na asiyeona vizuri, polepole. Sikwenda kwa mganga wala sikwenda kuolewa. Nilikwenda kupumzika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kilikuwa kinaingia Songea: mitumba, redio za kanda mbili, sabuni zenye harufu ya pipi. Mwanangu Onesmo, aliyekuwa akiuza vipuri dukani kwa tajiri mmoja Dar es Salaam, akaingia na neno hilo la kupumzika. Alisema watu wa Dar wakichoka wanakwenda mahali wanakaa. Hawalimi, hawapiki, hawauguzi mtu. Wanakaa tu.

Nikamwuliza, "Wamefiwa?"

Sababu yenyewe ilikuwa mgongo wangu. Nilikuwa napalilia mahindi yangu kule bondeni Matarawe, nikainama, kuinuka nikashindwa. Nikarudi nyumbani nimekunjika vilevile, nasalimia miguu ya watu. Onesmo aliposikia akaja mbio. Alikuwa ameshapanga kila kitu: nikaishi naye Dar, na nyumba yangu ipangishwe. Nyumba niliyojenga na marehemu Tadei, tofali moja moja, mnaijua! Nikasema siendi. Akasema naenda. Tukavutana mpaka akatoa sharti.

"Mama, kaa Maposeni kwa rafiki yako wiki moja. Usishike jembe, usishike mwiko. Jumapili nitakuja. Ukiweza kutulia, nitajua unaweza kujitunza, nitakuacha nyumbani kwako. Ukishindwa, tunapanda basi la Dar."

Nikakubali. Niliona ni kitu rahisi, kukaa.

Saa mbili asubuhi lori la Bwana Shabani likaja kunichukua. Bwana Shabani ni mtu wa Tunduru, alikuwa ameacha biashara ya korosho kwa muda akawa ananunua mahindi vijijini, maana wakati huo hata mtu binafsi alikuwa ameruhusiwa kununua. Aliniweka kiti cha mbele, akanipa korosho za kukaanga kwenye karatasi. Nikatafuna, nikatazama barabara ya Peramiho kama mke wa mkuu wa wilaya.

Karibu na Maposeni mvua ilikuwa imeharibu mteremko, lori likazama kwenye tope. Wapakiaji wote wakashuka kusukuma. Bwana Shabani akafungua mlango wangu.

"Bibi, shuka kidogo tupunguze uzito."

"Nipo kwenye kupumzika, baba."

"Unapumzikia kwenye lori langu?"

"Nimeambiwa nisifanye kazi mpaka Jumapili. Kushuka kwenye lori hili refu ni kazi."

Akanitazama. "Subhanallah! Nimebeba chumvi, nimebeba mbuzi, nimebeba maiti. Mzigo unaopumzika sijawahi kuubeba."

Wakasukuma nami nimo ndani, natafuna korosho. Niwaambie ukweli, nilianza kuipenda kazi hiyo.

Mchana tukafika. Mwenyeji wangu ni Genoveva, tuliyepata naye kipaimara siku moja, na mumewe ni Severini, fundi seremala. Severini ni Mhehe. Alikuja zamani kujenga, akamwona Genoveva, nyundo ikamponyoka mkononi. Ninyi mnajua Mngoni na Mhehe tulivyo: babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia sisi watoto utani. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia yako kanisani ukacheka.

Nilipotokea uani Severini akapaza sauti, "Genoveva, ficha panya mbali, Mngoni amefika na njaa!"

"Na mbwa wenu simwoni," nikamjibu. "Mlishamkaanga?"

Halafu akanionyesha alichoniandalia. Barazani palikuwa na kiti kipya cha mninga, chenye mikono na mgongo wa kuegemea. Nikaguswa moyo, nikakaa. Nilipoinuka kunawa mikono, ngiling'! Chini ya kiti alikuwa amefunga kengele ya mbuzi. Ukikaa imetulia, ukiinuka inalia mpaka jirani anasikia. Kumbe Onesmo alikuwa amemkabidhi kazi ya kunichunga, naye aliipokea kama mtu aliyepewa cheo.

"Jumapili nitamweleza mwanao kila kitu," akasema, anasugua viganja. "Safari njema ya Dar, mtani. Utaniletea nazi."

Jumanne nilikaa. Kengele ikilia tu, kutoka karakana yake inakuja sauti: "Wapi?"

"Chooni!"

"Tena? Huko chooni umelima nini?"

Lakini niwaambie jambo, wenzangu. Mvua ya asubuhi ilipokatika, Genoveva alinipa togwa ya baridi na uyoga wa kuchemsha uliotiwa karanga. Nikala nimeegemea. Kengele ya abasia ya Peramiho ikasikika kwa mbali. Upepo ukapita shambani, nikasikia majani ya mahindi yanavyosuguana. Miaka yote nimelima mahindi, sauti hiyo sikuwahi kuisikia, kwa sababu jembe langu lilikuwa linapiga kelele. Nikasinzia na bakuli mapajani.

Jioni ile ile mambo yakageuka. Mtu alitoka Peramiho na habari kuwa Devota, binti yao wa mwisho, ameshikwa na uchungu, yuko hospitali, anamlilia mama yake. Genoveva akafunga kanga, akachukua mwavuli. Mlangoni akasimama.

"Severini, na ugimbi?"

Hapo ndipo palikuwa na shida. Ugimbi ni ile pombe yetu ya mahindi na ulezi. Genoveva alikuwa amealika majirani waje Jumamosi kumsaidia kupalilia shamba lote, na ninyi mnajua kazi ya kualikana inavyokwenda. Ugimbi ukiwepo, watu wanakuja na majembe yao, wanaimba, wanamaliza shamba, wanakunywa. Usipokuwepo, wanachungulia chungu, wanarudi kwao, na wewe unasemwa hadi mavuno. Magugu nayo hayangojei, na Genoveva na Severini peke yao wasingeliweza shamba lile. Unga ulikuwa tayari umelowekwa na kuchachuka, kimea cha ulezi kimesagwa. Kilichobaki ni kupika. Na huwezi kumwomba jirani uliyemwalika ajipikie pombe yake mwenyewe.

"Nenda kwa mtoto," Severini akamwambia mkewe. "Hapa mwanaume yupo."

Jumatano asubuhi mwanaume huyo alizunguka kiti changu mara nyingi kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

"Mtani."

"Abee."

"Hii pombe inapikwaje?"

"Kwenu mnaipikaje?"

"Kwetu hatupiki. Unakata mwanzi, unakinga maji yake, unakunywa."

"Basi kakate mwanzi."

Akachuchumaa mbele yangu. "Kresensia, acha utani. Genoveva akirudi akute shamba limemezwa, nitaficha wapi uso wangu? Inuka unisaidie."

Nikainuka kidogo. Ngiling'! Nikakaa. "Umesikia? Mbuzi amekataa."

Nilimwacha atokwe jasho kidogo, ni haki yangu. Kisha nikasema: nitakufundisha, lakini mwiko utashika wewe, na mimi sitoki kwenye kiti. Akakubali. Tukahamia nyuma ya nyumba, yeye akinibebea kiti. Na kwa kuwa uji ukichemka unaruka na kuunguza mapaja, na yeye alivaa kaptula, nikamwambia ajifunge kanga ya mkewe. Alikataa. Tone la kwanza likaruka. Akaenda kuichukua.

"Kwa somo wako Mtakatifu Kresensia," akasema akijifunga, "apa kwamba hutamwambia mtu. Habari hii ikifika Iringa, ndugu zangu hawatanizika."

Nikaapa. Na kiapo ni kiapo, hata kwa Mhehe.

Akashika mwiko kwa mikono miwili, anausukuma mbele na kuurudisha.

"Koroga, Severini! Usirande, hiyo siyo mbao."

"Utomvu wake mzito huu!"

"Zungusha. Fika chini, kunashika."

Uji ulipoiva tukauacha upoe. Akauliza atajuaje kama umefikia kutiwa kimea, maana ukitia uji ungali moto kimea kinakufa. Nikamwambia kama mama yangu Skolastika alivyoniambia: chovya kidole, sali Salamu Maria. Ukiimaliza hujatoa kidole, tia.

Akachovya. Akafika "umejaa neema," akaruka juu na kanga yake, kidole mdomoni, analitaja jina la mtu mwingine kabisa, si Maria.

Alhamisi tukarudia kupika, tukatia kimea cha pili. Ijumaa chungu kikaanza kutoa povu. Severini akainamisha sikio, akasikiliza kinavyochemka chenyewe bila moto, akaniangalia anatabasamu kama baba wa mtoto wa kwanza. "Kinaongea," akasema kwa sauti ya chini.

Jumamosi watu walikuja na majembe, shamba likaisha kabla jua halijapanda sana. Walipokaa kunywa, Mzee Bonifasi akaramba mdomo. "Huu mkono wa Genoveva. Angekuwa mtu mwingine ningejua." Wote wakaitikia, wakidhani aliupika kabla hajaondoka. Severini akasimama pale akimeza mate, sifa zake zinapita anaziona, hawezi kuzishika. Nilicheka mpaka kengele ikalia nami nimekaa.

Jumapili baada ya misa Onesmo akafika, amevaa miwani ya jua. Akamsalimia Severini shikamoo, akauliza mara moja. "Mzee, amefanya kazi?"

"Hajanyanyua kijiko," Severini akasema. "Kiti kile kimechimba shimo sakafuni."

Onesmo akafurahi. Mimi nikajiona nimeshafika Matarawe, nafungua mlango wangu. Hapo hapo Genoveva akaingia uani kutoka Peramiho, tope mpaka magotini, anapiga vigelegele. Devota alijifungua mtoto wa kike, na mama yake alikuwa amebaki huko kumwangalia mpaka apate nguvu! Akaja moja kwa moja akanishika viganja vyote viwili.

"Na jina lake Kresensia! Nimepita shambani, safi! Watu wote njiani wanasifia ugimbi. Mikono hii, jamani! Mgeni wangu mgonjwa wa mgongo, ndiye aliyeniokoa!"

Onesmo akavua miwani.

"Mikono gani, Mama?"

Nikaificha mikono kwenye kanga. Nilikuwa nimeapa.

"Pombe ya watu wote hao, na mgongo huo," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Sikulaumu. Nilijua hutaweza. Funga mizigo yako, kesho tunakwenda Dar. Mpangaji nimeshampata."

Mpangaji! Nikaona mtu nisiyemjua jina anaanika suruali zake kwenye kamba yangu. Nikamtazama Severini. Mtani wa kweli angeniacha niende, acheke mpaka Pasaka, na mimi nisingekuwa na la kusema, maana ndivyo utani ulivyo. Naye alikuwa akitazama kidole chake. Majirani waliotoka kanisani, na Mzee Bonifasi miongoni mwao, walikuwa wamesimama uani wanasubiri kusikia habari za mtoto.

Severini akaingia ndani.

Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya Genoveva juu ya suruali yake ya Jumapili, mwiko mkononi. Akaja mpaka mbele ya Onesmo.

"Unga uliochachuka unautia kwenye maji yanayochemka," akasema, kifua mbele kama anayesoma somo kanisani. "Unakoroga mpaka chini, hurandi. Ukiiva unauacha. Unachovya kidole, unasali Salamu Maria. Usipoimaliza, unapata hii." Akainua kidole, lengelenge lake linang'aa. "Ukiimaliza, unatia kimea. Kesho yake unarudia. Mama yako alikaa kwenye kiti akinitukana. Ugimbi mliokunywa jana, ninyi wote, aliupika Mhehe."

Mzee Bonifasi ndiye aliyeanza kucheka. Wanawake wakafuata, Genoveva akakaa chini kabisa kwenye tope. Onesmo alijizuia, alijizuia, akashindwa, akatafuta mahali pa kukaa, akaangukia kiti changu. Alipoinuka kufuta machozi, ngiling'!

"Mama," akasema, "rudi nyumbani kwako."

Severini akaninong'oneza, "Iringa wakisikia, nitazikwa kwenu." Nikamwambia nafasi ipo.

Jumatatu Bwana Shabani akanikuta barabarani. "Mzigo wangu unaopumzika!" Safari hii wapakiaji waliweka juu ya magunia na kile kiti cha mninga, maana Severini hakukubali nikiache. Tulipofika pale kwenye tope nikashuka mwenyewe, mgongo umenyooka, nikasimama pembeni nikawaelekeza wanavyopaswa kusukuma. Walikuwa wanasukuma vibaya kweli.

Nilichojifunza ni hiki. Kupumzika siyo kulala. Ni kukaa mahali unaposikia shamba lako badala ya kulipigia kelele, na kuwa na mtu wa karibu wa kumtuma. Na ukitaka mtu wa kukuokoa mbele ya watu, tafuta aliyekutukana wiki nzima bila kuchoka.

Kiti kiko barazani kwangu, mnakiona mkipita. Onesmo amewaomba Apolonia na Veridiana wawe wanasikiliza kengele, na mkiisikia sana mumwandikie. Nashukuru kwa kunijali. Ila msishangae mahindi yangu ya bondeni yakiwa safi kuliko yenu, na kengele hamjaisikia tangu alfajiri. Nimeshajua namna ya kuinuka.