Nilimfundisha Mgeni Kusema Hongera Msibani

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Hata pombe sinywi!

Mimi ni fundi redio hapa Tunduma. Shule niliishia la saba, mengine nimejisomea. Kamusi yangu imechakaa kwa kufunguliwa, na nikisikia mtu anakosea ngeli, mwili unaniwasha.

Mtaani kwetu tulikuwa tumegawanyika. Wenyeji upande huu wa mfereji, waliovuka mpaka kutoka Zambia upande ule. Majina yao tuliacha kuyataja, tukawaita "wale" tu. Mmoja wa wale alikuwa Bana Mulenga, yaani Mama Mulenga, mama wa Kibemba aliyetoka Kasama, muuza dagaa. Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga.

Jirani yetu Mama Neema alipofiwa na mama yake, Bana Mulenga alinijia kibandani.

"Mwalimu, mfiwa mnamwambiaje?"

Aliniita mwalimu, jamani! Badala ya kusema "pole", shetani wa utani akanipanda.

"Mwambie hongera."

"Ongela."

"Hongera. Anza na h, halafu r, siyo l."

Nikamrudisha mpaka akaitamka sawasawa. Uovu niliufanya kwa ufasaha!

Nikatangulia msibani, nikakaa nikisubiri kicheko. Akaingia na kikapu cha dagaa cha rambirambi, wenzake wa ng'ambo ya mfereji wakibaki mlangoni, akapiga magoti mbele ya mfiwa.

"Hongera sana, mama."

Mzee mmoja akafoka, "Mtoeni! Wale ndivyo walivyo!"

Yeye bado amepiga magoti, anatutazama mmoja mmoja, hajui amekosa nini. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama niseme kosa ni langu. Sikusimama!

Mama Neema akainua mkono. "Mwacheni. Mama nimemuuguza kitandani miaka. Nimemgeuza, nimemfulia, nimemlisha. Nyie wote mnanipa pole. Nani amenipongeza, zaidi ya huyu?"

Akamkumbatia, wakalia pamoja. Halafu akamuuliza, "Kiswahili umefundishwa na nani, mdogo wangu?"

"Mwalimu yule!" Akanionyesha kwa fahari.

Mama Neema alinisoma usoni, akaelewa yote. "Kumbe fundi! Haya, simama. Mwombe radhi, tena kwa lugha yake."

Nikaungama mbele ya watu. Kibemba changu ni cha kuulizia bei tu, kwa hiyo nikamwomba mwenyewe anifundishe. Kisha akaninong'oneza sentensi, akanisahihisha matamshi, akanirudisha tena. Nikaisema kwa sauti.

Wale mlangoni wakaangua kicheko! Mmoja akatutafsiria: "Amesema, mimi ni mbuzi, nifungeni kamba."

Upande wetu nao ukacheka. Mama Neema, mfiwa mwenyewe, akashika mbavu. Siku ile waliotoka ng'ambo ya mfereji walipika na kula nasi, na nikawajua kwa majina.

Nawaonya wenzangu mnaojivunia kujua maneno: mgeni akikuomba neno, mpe la kweli. La sivyo yatakupata yangu. Nikipita sokoni, akina mama wa pande zote mbili huniita, "Meee!"

Nami huitika.