Tyubu ya Spiriti Niliyoikataa

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nikikumbuka ubishi wangu natamani kujizaba kofi.

Mimi ni Mkenya, nasomea shahada ya pili hapa Kampala. Kwenye mradi wetu wa maabara tulikuwa wawili, mimi na Neema, Mkongo wa Bukavu anayekaa Kyebando. Tulikuwa tunapima kama melatonini, ile homoni ya usingizi, inazuia mafuta ya utando wa seli yasiharibike. Mafuta hayo yakishambuliwa na oksijeni huchacha kama samli iliyoachwa wazi, na seli hupasuka.

Majibu yalikuwa matamu. Seli za damu zisizo na homoni zilipasuka, zenye homoni zikabaki nzima. Nikampigia mama Kisumu kumwambia mwanawe amegundua kitu.

Neema hakufurahi. Alinikumbusha kwamba homoni ile tuliiyeyusha kwa spiriti, na huenda spiriti yenyewe ndiyo iliyolinda mafuta. Akaomba tupime pia tyubu moja, kile kichupa cha majaribio, yenye seli na spiriti tupu bila homoni. Nikamwambia ananichelewesha.

Akapima mwenyewe. Kisha akaniita. "Kaka, njoo uone. Spiriti peke yake nayo imelinda, karibu sawa na homoni."

Unajua nilifanya nini? Nilikwenda kwa msimamizi wetu nikamwambia Neema ni mzembe, vyombo vyake vichafu, anatuharibia kazi. Akaniamini. Neema akaondolewa kwenye mradi, na masomo yake yakaishia hapo.

Siku ya kuwasilisha nikasimama mbele ya walimu na tai mpya. Mmoja wao akauliza, spiriti peke yake ilifanya nini? Nikakiri kwamba mimi sikuipima. Msimamizi akaagiza jaribio lirudiwe mbele ya macho yake. Yakatoka majibu yaleyale ya Neema.

Kazi yangu yote ikatupwa. Naanza upya, na maabara hakuna anayeniamini hata kunipa ufunguo. Inaniuma, maana nilionywa!

Nilimfuata Neema mtaa wa Kisugu, hapa hapa Kampala, anakouza dawa dukani kwa mjomba wake. Nikamwomba msamaha, nikamweleza kwamba msimamizi anataka arudi. Alimaliza kwanza kumhudumia mteja.

"Mimi nilikuita uone," akasema. "Ungeniambia tu unaogopa, tungerudia pamoja."

Hajarudi mpaka leo.

Ewe unayenisoma, mwenzako akikuonyesha kasoro ya kazi yako, msikilize. Usikimbilie kumchafua jina. Mimi sasa naosha tyubu peke yangu kila asubuhi, na nikikosea tena hakuna wa kuniambia.