Ua la Mteuzi wa Tumbaku

Kwa miaka ishirini na minane Selestine alikuwa mteuzi wa tumbaku kule Inyonga. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye marobota ya wakulima, kushika jani kwa vidole viwili, kulinusa, kisha kutamka daraja lake. Hakurudia neno. Mkulima akiuliza sababu, Selestine alikuwa ameshafika kwenye robota la mbele. Wakulima walimwita Bwana Rijekti, kwa jina la tumbaku inayokataliwa, naye alilijua jina hilo na lilimfurahisha.

Alipostaafu, wenzake hawakumpa ng'ombe wala bati. Walimpa ua. Ua la ndani lenye majani mapana, limepandwa kwenye chombo cheupe kinachong'aa kama bakuli la mchuzi. Shadrack, kijana aliyerithi nafasi yake, ndiye aliyemkabidhi.

"Mzee umezoea majani," alisema huku anacheka. "Hili likuliwaze."

Selestine alilibeba hadi nyumbani kwake Kashaulili akiwa amelishika mbali na shati, kama mtu aliyetumwa kutupa uchafu. Akaliweka juu ya kabati la televisheni. Mkewe, Monika, alisema ni zuri.

"Zuri la nini?" Selestine akamjibu. "Halivutwi, haliliwi."

Miezi minne baadaye majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano na ncha zake zimeungua. Selestine naye alikuwa haendi popote. Ndevu nyeupe zilimjaa, shati lilikuwa la juzi, na kanisani alikataa kwenda, akidai hawezi kukaa benchi moja na watu wasiojua hata kunyamaza. Kila asubuhi alilimwagia ua chai iliyobaki kikombeni, akaongeza maji juu yake, halafu akashika jani na kutamka: "Daraja la mwisho." Siku nyingine alisema tu: "Takataka."

"Nilitupe?" Monika aliuliza siku moja.

"Liache."

"Si unasema takataka?"

Selestine alivuta kikombe chake karibu. Alikuwa amegundua jambo ambalo asingemwambia mtu: siku ua lilipolegea zaidi, yeye pia alishindwa kunyanyuka kwenye kiti. Alijiona yeye mwenyewe pale juu ya kabati, na alichokiona alikidharau. Mtu mwenye wajukuu saba, anafuata hali ya ua la dukani.

Jumamosi moja ikawa zamu yao kupokea sala ya jumuiya. Monika hakumwomba ruhusa. Watu waliingia tu wakajaa sebuleni. Mmoja wao alikuwa Ambrosi, mkulima wa Kasokola, aliyekuja kumtembelea dada yake jirani pale na kufuatana naye kwenye sala. Zamani alikuwa akilima tumbaku Inyonga. Selestine hakumkumbuka.

Sala ilipokwisha na chai ikamiminwa, Ambrosi alikwenda kwenye kabati akashika jani kwa vidole viwili.

"Hili daraja gani, mzee?"

"Rijekti," Selestine akasema bila kumtazama.

Watu wakacheka. Ambrosi hakucheka.

"Ndivyo ulivyoniambia na mimi. Nililala siku tatu pale ghalani nikisubiri zamu yangu. Ukashika jani moja. Nikauliza kosa ni nini, ukanipa mgongo. Sasa mimi nakuonyesha kosa la hili."

Akalishika ua kwenye shina, akalivuta. Lilitoka bila ubishi, na harufu ya maji yaliyooza ikatapakaa sebuleni. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama tambi zilizopitiliza motoni. Akakigeuza kile chombo chini juu. Hakikuwa na tundu hata moja.

"Unalizamisha," alisema. "Kila siku unalizamisha, halafu unalitukana."

"Una dharau wewe," Selestine akasema.

"Nimejifunza kwa nyie."

Hakuna aliyeendelea na chai. Walipoondoka, Selestine alilitandaza ua juu ya gazeti, akachukua kisu, akakata kila kilichooza. Kilibaki kipande kimoja chenye mzizi mweupe, kirefu kama kidole. Alitoboa kopo la siagi kwa msumari, akakipanda humo. Wiki tatu baadaye kilitoa jani moja, limejikunja vibaya. Alilitazama asipate furaha yoyote. Kilichomchoma ni kwamba sasa alikuwa amelikumbuka robota la Ambrosi, na jinsi lilivyokuwa.

Asubuhi iliyofuata alinyoa ndevu, akapanda bodaboda hadi Kasokola. Ambrosi alikuwa uani na mkewe Dina, wanapukuchua mahindi.

"Robota lako halikuwa na kosa," Selestine alisema akiwa bado amesimama. "Nilikuwa na njaa. Nilitaka nimalize mstari nikale."

Ambrosi hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," alisema. "Ungeniambia hata uongo, kwamba lina ukungu, ningelima tena mwaka uliofuata. Hukuona hata haja ya kunidanganya."

Selestine alikuwa amejiandaa kutukanwa au kusamehewa. Hakupata hata kimoja. Alisimama pale juani, hajui mikono aiweke wapi, mpaka Dina akamletea kigoda, na baadaye chakula. Walikula wote watatu. Maharage yalikuwa yamezidi chumvi. Selestine alilijua hilo tangu tonge la kwanza. Akainamisha kichwa, akala mpaka bakuli likaisha.