Upepo wa Jikoni kwa Mama

Kila mtu ana aibu yake, yangu mimi ina harufu, na hadi leo nikipita bandarini Kalundu kuna wapagazi kadhaa (wazee sasa, lakini midomo haijazeeka) wanaoshika pua nikikaribia, halafu wanacheka mpaka wanatua mizigo chini. Kwa hiyo ni afadhali mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu wale wanatia chumvi, wanasema mkwe wangu alitapika, na hakutapika, naapa, alikohoa tu.

Ilikuwa miaka ya rebelioni, vita vya waasi, kazi zimekauka mjini, na mimi nilikuwa na bahati ya kuajiriwa na mfanyabiashara mmoja aliyevusha ziwani mashine ndogo ya kutengeneza vikombe vya karatasi, vile vya kunywea chai na kutupa. Mnaona, karatasi ile ina utando mwembamba wa plastiki kwa ndani, na kikombe hakigandishwi kwa gundi, kinagandishwa kwa upepo wa moto: unakunja karatasi juu ya umbo la mti, unaelekeza upepo pale pale kwenye mshono, plastiki inalainika, unabana, unahesabu pumzi kidogo, kimeshikana. Ukipeleka moto mwingi karatasi inaungua, ukipeleka mdogo chai inamwagikia suruali ya mteja. Mimi nilikuwa na mkono wa kazi ile, siwafichi, mpaka wapagazi wakaanza kuniita Injenia Upepo, na mimi mjinga nikalipokea jina kama cheti, nikawa natembea hata dukani kununua chumvi kama mtu anayeenda kuzindua daraja.

Sasa, nilikuwa nampenda Naomi. Tulijuana kwenye kwaya, yeye sauti ya kwanza, mimi nilikuwa nafungua mdomo tu nyuma ya wanaume wengine ili nimtazame vizuri. Naomi alikuwa akikaa mtaa wa Songo kwa shangazi yake, lakini kwao ni juu kabisa kwenye Hauts-Plateaux, zile nyanda za juu milimani, kwa wafugaji, na miaka ile ilikuwa imetufundisha watu wa ziwa na watu wa milima kuogopana, hata salamu ilikuwa inapimwa kwanza. Aliyemlea baada ya babake kufa ni baba yake mkubwa, Muzee Rubeni, na huyo akatuma neno: atashuka mwenyewe Jumamosi kuona nyumba ambayo mtoto wake anataka kuingia. Akiipenda, tupange harusi. Asipoipenda, Naomi anapanda naye mlima siku inayofuata, na habari imeisha.

Naomi akanivuta pembeni baada ya mazoezi ya kwaya.

"Sadiki, sikia. Muzee atakuja na maziwa ya ng'ombe zake. Ile njo baraka yake, mutakunywa wote pamoja. Lakini weye unajua, kwetu bazee habagusi samaki. Chombo yenye ilipitamo samaki, yeye hawezi kunywea maziwa, hata akufe na kiu."

Nikamwambia aniachie mimi. (Ningalimwambia aniombee, ingalikuwa na maana zaidi.)

Maana nyumba yetu mnaijua. Mama yangu alikuwa anakausha samaki kwa moshi, mikeke na ndagala, kazi iliyonilea, ikanisomesha, ikaninunulia hata ile suti ya kwaya, na mimi nikaamka Ijumaa, siku moja kabla ya mgeni, nikaanza kumkimbiza mama na samaki wake kana kwamba ni wageni wasiolipa kodi. Nikatoa vitunga sebuleni, nikatoa kamba za kuanikia samaki barazani, nikasomba kila kitu chenye mapezi nikakirundika jikoni, kale kajumba ka nyuma, nikafunga mlango. Nikasugua sakafu kwa sabuni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda ananitazama, halafu akaleta vikombe vyake vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, ameviosha vinang'aa.

"Bageni banywee mu hivi," akasema. "Nimevisugua na majivu na ndimu."

"Mama, vikombe hivi vimeshanywewa mchuzi wa samaki tangu kabla sijazaliwa."

Mama alivifunika na kitambaa, akavirudisha chini ya kitanda, na mimi nikajiona mtu mwenye akili sana, kwa sababu nilikuwa na wazo langu: nitatengeneza vikombe vipya, vya karatasi, kwa mikono yangu, vikombe ambavyo tangu dunia iumbwe havijaguswa na samaki wala mchuzi wala midomo ya mtu. Muzee atakunywa, atauliza nani amevitengeneza, na mimi nitainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wenyewe nilikuwa nimeshaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Patroni, yule mfanyabiashara, akaniruhusu kuchukua karatasi zilizokwisha kukatwa. Nafika kwenye mashine, hakuna umeme. Umekatika mji mzima, na miaka ile ukikatika hujui kama utarudi jioni au utarudi na serikali nyingine. Mtu wa kawaida angerudi nyumbani akachukua vikombe vya mama yake chini ya kitanda. Injenia Upepo hakufanya hivyo. Nikabeba umbo la mti na karatasi zangu, nikapitia kwa mhunzi nikaazima mvukuto, nikang'oa mguu wa kitanda kibovu uliokuwa bomba la chuma, nikalilaza bomba ndani ya makaa ya mbabula, lile jiko la mkaa la mama, mvukuto upande mmoja, karatasi upande wa pili: ukikandamiza mvukuto, hewa inapita ndani ya bomba, inachemka njiani, inatoka mdomoni ikiwa moto safi, bila majivu wala cheche. Nje upepo wa ziwa ulikuwa unapoza bomba, kwa hiyo nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Ndiyo, jikoni. Ninyi mmeshaelewa, mimi sikuelewa. Mtu aliyezaliwa ndani ya harufu fulani haisikii, kwake ile ndiyo hewa yenyewe. Nikakaa mle na mikeke imening'inia juu ya kichwa changu kama nguo za kuanikwa, nikaunguza kikombe cha kwanza, cha pili kikashikana, na vilivyofuata vikawa vizuri kuliko vya mashine. Nikavijaza maji, hakuna tone lililovuja. Nikavipanga dirishani sebuleni, nikavifunika kitambaa cheupe, nikapiga mluzi.

Jumamosi walichelewa, maana barabarani askari waliwasimamisha na kuwauliza maswali marefu, na kila dakika iliyopita niliona Naomi anapanda mlima. Hatimaye wakaingia: shangazi, Naomi amevaa kitambaa cha manjano, na Muzee Rubeni mwenyewe, mrefu, koti refu, kofia safi ya kijivu, fimbo mkono mmoja, na mkono mwingine amekumbatia chombo cha maziwa, kile cha mti chenye kifuniko cha kusukwa chenye ncha, alivyokikumbatia ungedhani ni mtoto mchanga. Alikuwa amekibeba mwenyewe kutoka juu, hakumpa mtu. Akasalimia, akaketi, akatazama kuta, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Hii maziwa ni ya ng'ombe ya nyumba yangu," akasema. "Siku hizi bantu habapitishane hata maji. Minye nikasema, tunywe pamoja kwanza, njo tuongee."

Hapo ilikuwa afadhali niseme amina. Nikasimama. Nikafunua kitambaa, nikatoa hotuba, jamani, nikasema habari za usafi na maendeleo, nikasema hivi vikombe ni vipya, havijagusa kitu chochote chini ya jua, nimevitengeneza mwenyewe kwa heshima ya mzee. Naomi akatabasamu. Shangazi akasema, "Kumbe iko fundi." Maziwa yakamiminwa, meupe, mazito, hakuna kikombe kilichovuja, na Muzee akavua kofia, akaomba, akavaa kofia, akanywa.

Akaganda na kikombe mdomoni. Hakumeza wala hakutema. Macho yake yakaenda dari, yakarudi. Shangazi naye akanywa, akashusha chake polepole, akamtazama Naomi, na Naomi akanusa chake bila kukionja, tabasamu likamtoka usoni kama limefutwa kwa kitambaa. Muzee akameza, nadhani kwa nguvu za imani, kisha ndipo akakohoa kile kikohozi ambacho wapagazi wamekigeuza kutapika.

"Kijana. Hii kikombe, ulisema ni ya mupya?"

"Mupya kabisa, muzee. Haijaguswa."

"Hapana, iliguswa," akasema taratibu. "Na samaki. Mukubwa."

Mtu mwenye akili angeomba radhi palepale. Mimi nilikasirika, kwa niaba ya fani yangu. Nikasema haiwezekani, muzee, kikombe hiki kimegandishwa kwa hewa tupu, na hewa haina samaki, tafadhali njoo uone kwa macho yako. Naomi akaninong'oneza, "Sadiki, acha," lakini nilikuwa nimeshafungua mlango wa nyuma, na mzee, kwa adabu ya kwao, akainuka akanifuata, na shangazi nyuma yake, na Naomi, na mama mwisho kabisa.

Makaa aliyopikia mama asubuhi yalikuwa bado yana moto. Bomba lilikuwa bado ndani. Nikamwambia Muzee Rubeni ainame karibu na mdomo wa bomba, aweke uso pale, asikie jinsi upepo ulivyo safi. Akainama. Nikakandamiza mvukuto kwa nguvu zangu zote za bwana harusi.

Kumbe usiku kucha mle ndani ya bomba masizi yalikuwa yameshuka yakakaa. Yalitoka yote. Yalitoka na moshi wa kila mkeke aliyewahi kukaushwa Kalundu, yakampiga mzee usoni, yakaijaza kofia ya kijivu, na magamba ya samaki yaliyokuwa yameingia kwenye mvukuto yakaja nyuma yakitembea hewani bila haraka, moja likatua kwenye sharubu zake, likakaa hapo linang'aa. Mimi mkono wangu, sijui kwa nini, ukakandamiza tena.

Ndipo mama akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Weye Sadiki. Hiyo upepo unatoa wapi?"

Nikageuka. Mvukuto ulikuwa umeelekea juu, tundu lake limefunguka chini ya mikeke iliyoning'inia, linanyonya. Nilifikiria moto, nikafikiria bomba, nikafikiria mshono. Hewa yenyewe sikuifikiria. Nikaketi kwenye kitunga, na kitunga kilikuwa cha ndagala, na kikapasuka.

Nikasema moyoni kwisha, Naomi amepanda mlima. Nilitaka kulia, na ningelia kama Muzee hangeanza kutikisika mabega. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka, anacheka huku anapangusa masizi na kuyaeneza zaidi, mpaka akashika ukuta.

"Sisi pia tunafukizaka vyombo ya maziwa," akasema alipopata pumzi. "Na majani ya kunukia. Lakini kazi ile hatujapatia samaki."

Mama alikuwa ameshatoka. Alirudi na vikombe vyake vya bati, vyeupe, ukingo wa buluu, akampa mzee kimoja kwa mikono miwili. Mzee akakinusa (mimi nikafumba macho), akasikia ndimu, akamwambia amimine. Akanywa chote mbele yetu. Kisha akamwambia mama, na alisema nikiwa bado nimeketi ndani ya ndagala:

"Mama Sadiki, huyu mutoto wako alitaka kukuficha. Minye sikushuka hii milima yote juu ya kunusa nyumba yenye haina bantu. Nilikuja kuona mama yenye atapokea mutoto wangu. Sasa nimemuona."

Mama akainamisha kichwa. Nikaona machozi yake, na hayo, ndugu zangu, yaliniunguza kuliko bomba lile, kwa sababu nilijua sikuyaleta mimi siku ile tu, nilianza kuyaleta pale aliporudisha vikombe chini ya kitanda.

Harusi ilifanyika. Maziwa yalinywewa kwenye vikombe vya bati, Naomi alivifukiza mwenyewe kwa majani ya kwao. Kikombe kimoja cha karatasi alikiweka, kiko kabatini mpaka leo, na nikianza kujigamba mbele ya wageni anakitoa bila kusema neno, anakipitisha, kila mtu ananusa. Bado kinanuka. Kazi ya upepo wa moto niliendelea nayo miaka mingi, lakini sijawahi tena kukandamiza kitu chochote kabla ya kutazama nyuma, na mgeni akija kwangu, awe mkubwa namna gani, anakuta vitunga vya mama barazani, palepale mlangoni, avipite kwanza ndipo anisalimie.