Kukhu Selpher na Rasiberi Zake

"Usithubutu kumpa mtoto zile rasiberi," Mama Titus alimwambia jirani yake Winrose, wakianika nguo. "Yule Kukhu ananusanga sahani nzima kabla ya kuuza. Anaingiza pua kama paka! Na haoshi!"

Winrose alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Binti yake Natasha alikuwa ametoka kuugua, na rasiberi ndizo pekee alizokula bila kubembelezwa. Basi siku ya soko Shinyalu akamfunga mgongoni, akaenda kujionea mwenyewe.

Kukhu Selpher, bibi wa kila mtu pale sokoni, aliketi kando ya wauza sukuma. Wao walinyunyizia mboga zao maji. Yeye hakuwa na hata tone. Rasiberi zake zilipangwa tabaka moja tu, kwenye sahani pana zilizotandikwa jani kavu la mgomba.

"Mulembe, Kukhu."

"Mulembe, Mama Natasha! Mgonjwa wetu amepona?"

"Anaendelea vizuri. Kukhu, mbona huzioshi?"

"Nikiziosha sasa, kesho utakula ukungu. Hizi si sukuma. Nyumbani usizirundike. Ziweke mahali pa baridi, uzioshe mtoto akiwa tayari kula. Na msizilaze siku nyingi."

"Kukhu, leo umenusa ngapi?" muuza sukuma alimchokoza.

"Zote, hata wewe. Unanuka samaki, jana mlikula omena!"

"Tulikula maharagwe!"

Soko likaangua kicheko. Kukhu naye alicheka, kisha akapiga chafya mara mbili, akafuta pua kwa ncha ya leso. Mafua yalikuwa yamemkamata.

Winrose alimpa Natasha rasiberi chache alizozisuuza kwa maji ya chupa yake. Mtoto hakuzila. Aliona zina uwazi ndani, akakivika kila kidole rasiberi moja, kama kofia. Kisha akanyoosha mkono mpaka mbele ya uso wa Kukhu, kidole kimoja kikimkaribisha. Kukhu aliendelea kutabasamu, macho wazi, bila kusogea. Rasiberi ilipomgusa mdomo ndipo aliposhtuka.

Winrose alitazama sahani iliyokuwa mbele yao. Pembeni palikuwa na rasiberi moja yenye manyoya ya kijivu. Akaitoa polepole, jani kavu likatoa sauti.

"Ilikuwa na ukungu?" Kukhu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Kukhu."

Kukhu akapapasa jani la mgomba, akalinyoosha ingawa lilikuwa limenyooka.

"Kuchuma si shida. Iliyoiva inajiachilia yenyewe mkononi. Mbovu ndiyo nilikuwa naijua kwa pua, na leo pua nayo imenitoroka. Nikimuuzia mtu ukungu, maneno yatafika kwa Erastus. Yule kijana wangu ameapa, akisikia tu macho yangu yameisha, ananihamishia kwake Lumakanda. Huko ni mahindi mpaka unachoka. Mimi nitakaa nikifanya nini?"

Mteja mmoja alikuwa akija, kikapu mkononi. Kukhu alisikia hatua zake, akajiweka sawa, akamshika Winrose mkono.

"Mama Natasha, kaa hapa na mimi mpaka ziishe. Nikimpa mtu sahani yenye mbovu, wewe kohoa tu."