Njia Mia Moja za Mpiga Deki

Mimi ni mlinzi, na huyu mpiga deki wa maabara ya kiwanda chetu cha plastiki namshuku tangu karatasi za siri za mchanganyiko wa plastiki zilipopotea kabatini. Kimya kingi kina mshindo. Hapigi deki kama watu wengine: huanzia katikati, kigae kwa kigae, akikata kushoto, akikata kulia, na alichokwisha kukipita hakikanyagi tena, midomo ikihesabu. Mfukoni ana daftari la viraba, nalo hulifunika kwa kiganja nikisogea. Leo asubuhi nimemkuta amesimama tuli mbele ya kabati lilelile, tambara mkononi.

"Unafanya nini hapo?"

"Nimejifungia, afande. Kila upande nimelowesha mwenyewe. Nangoja pakauke."

Nikamwendea mzimamzima, nikikanyaga sakafu mbichi, nikampokonya daftari. Mistari mitupu, inapindapinda wala haijikati. "Hatua nne bila kurudi ulikopita, zipo njia mia moja," akasema taratibu, kama anayeomba radhi. "Nimezichora zote. Mtaalamu wa humu hukokotoa hivyohivyo jinsi nyuzi za plastiki zinavyojikunja, maana uzi haupiti palipo na uzi. Hata nyuzi za plastiki ya ndoo hii ya deki ni hivyo."

"Hadithi hizo kamsimulie meneja," nikamwambia, nikageuka kwenda kumwita. Kumbe meneja yuko mlangoni, anatazama sakafu. Kutoka mlangoni hadi kabatini palikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, na matope yake yalikuwa ya buti zangu.