Viungo Kumi na Vinne vya Mama Goti

Kwa miaka thelathini na moja alinyoosha magoti ya watu katika idara ya mazoezi ya hospitali, na jina la Mama Goti likamfuata hadi alipostaafu. Sasa, kila Jumanne saa kumi alasiri, anafundisha mazoezi katika chumba cha nyuma cha maktaba: viti vya mbao, dirisha lisilofunga vizuri, wanafunzi watatu.

Watatu ndio tatizo. Mkutubi, mtu wa miwani ya kuning'inia shingoni, alimwambia bila kuzunguka: "Mama, nahitaji vichwa kumi. Jumanne ya mwisho wa mwezi nitahesabu. Visipotimia, chumba nawapa wanakwaya."

Miongoni mwa watatu hao yumo dereva mstaafu wa lori mwenye nyonga iliyokakamaa. Wiki mbili nyuma alivaa soksi mwenyewe, mara ya kwanza baada ya mwaka mzima. Alitangaza darasani kama mtu aliyepata mjukuu.

Mama Goti hakutaka kumrudisha kwenye soksi za kuvishwa. Akafungua blogu, akaiita Viungo vya Nyumbani, na chini ya kila makala akaandika siku, saa na mahali pa darasa. Wiki ya kwanza ilisomwa na watu tisa. Akampigia simu mdogo wake, ambaye yuko duka la uchapaji na anajua mambo ya mtandao.

"Dada, blogu yako haina viungo," mdogo wake alisema. "Weka viungo vingi uone watu watakavyomiminika."

Neno hilo lilimuuma, lakini akaona ni kweli: alikuwa ameandika juu ya goti na bega tu. Kwa siku tano akaandika kiwiko, nyonga, kifundo cha mguu, taya, hadi kidole gumba. Vikatimia kumi na vinne. Akapiga tena.

"Viko wapi? Sivioni," mdogo wake alisema.

"Kumi na vinne hivyo huvioni? Vaa miwani."

"Dada, vya kubonyeza! Mtu anabonyeza, anapelekwa ukurasa mwingine."

"Vyote vinabonyezwa, ila kwa upole."

Mdogo wake alicheka mpaka akashindwa kueleza.

Hata hivyo watu walimiminika. "Jinsi ya Kulainisha Viungo Vilivyokauka" ilipata wasomaji mia saba kwa siku mbili, na hapo ndipo Mama Goti alipoacha kuelewa kabisa. Msomaji mmoja aliuliza: "Nivitwange kabla au baada ya kuvipasha moto?" Akajibu kwa herufi kubwa: USIVITWANGE. VIKANDE KWA KIGANJA. Kesho yake yule mtu alishukuru, akasema vimenukia nyumba nzima. Mama Goti aliyasoma maneno hayo mara nne. Hospitalini hakuwahi kukutana na goti la namna hiyo.

Jumanne ya mwisho walifika wageni wanane. Wengi walikuwa na daftari. Mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye aproni chini ya koti, alikuwa na chupa tupu tatu.

"Mwalimu, viungo viko wapi?"

"Vyote unavyo mwenyewe. Shika kiti."

Wakatazamana. Mmoja akatoa mfukoni kijiti cha mdalasini, akakiinua juu kama anayeuliza. Mama Goti akakitazama, akazitazama zile chupa, kisha akakaa chini.

"Ni vya chakula," alisema polepole. "Mia saba wote."

Wanaume wawili wakachukua mifuko yao. Mlangoni, mkutubi alishaanza kuhesabu.

"Jamani," dereva aliita, "mbona mna haraka? Nani kati yenu anayesimama jikoni kutwa na miguu haimuumi?"

Mpishi akacheka. "Goti langu hili la kulia linalia kama mlango wa stoo." Akaweka chupa chini, akashika kiti, akakunja goti. Lililia kweli, wote wakasikia. Wale wawili wakarudi, mmoja akijishika kiuno.

"Kumi na mmoja," mkutubi alisema, akavaa miwani, akafungua daftari lake. "Sasa niandike ni darasa la nini? Mazoezi au mapishi?"

"Viungo," Mama Goti na mpishi walijibu kwa pamoja.

Mkutubi aliandika hivyo hivyo, akasubiri ufafanuzi. Wote walikuwa wameshashika viti.